Uzi Mrefu, Uzi Mgumu: Mhadhara juu ya Kitani

(Mhadhara huu ulitolewa Mombasa mbele ya mafundi wa nguo, walimu na wapenzi wa historia. Unachapishwa karibu kama ulivyosemwa.)

Nawashukuru waliokubali kuzima feni mbili zilizokuwa zikipiga kelele, maana joto la ukumbi huu litanifanyia nusu ya kazi jioni hii.

Nimeombwa niseme juu ya kitani, historia yake na kwa nini watu hawakichoki. Nisimwache mtu njiani: sizungumzii katani, ile ya mkonge wa Tanga na Kilifi inayosokotwa kamba. Nazungumzia kitambaa kinachotoka kwenye mmea mwembamba wa maua ya buluu, unaopenda nchi za baridi kidogo. Mbegu zake mnazijua. Siku hizi zimejaa madukani kwenye pakiti, zinauzwa kwa ajili ya moyo na choo.

Kusudi langu ni kuonyesha kwamba sifa za kitani na dhiki zake zimetoka mahali pamoja, nako ni kwenye umbo la unyuzi wake: mrefu, mgumu, usiovutika. Ubaridi wake mwilini, nguvu zake, makunyanzi yasiyoisha, bei, vifua vya wanawake vilivyoharibika viwandani, hata kisa kimoja cha mashamba ya Kericho, vyote nitavifunga kwenye unyuzi huo. Nina hoja tano, na nawaambia mapema kwamba hazilingani urefu.

Hoja ya kwanza: kitani ni kazi kabla hakijawa nguo

Pamba ikikomaa hujileta yenyewe. Tumba linapasuka, mtu anachuma. Kitani hujificha. Unyuzi wake umo kwenye ganda la shina, umegandamana na ubua wa katikati kwa gundi ya asili, na hautoki mpaka mtu autolee jasho. Mmea wenyewe hukaa shambani siku mia hivi na kufika urefu wa mita moja. Ua lake hufunguka asubuhi, na ikifika adhuhuri petali zimeshaanza kudondoka. Wakati wa kuvuna haufyekwi. Hung'olewa na mizizi yake, kwa sababu unyuzi unashuka mpaka chini, na kila sentimita inayoachwa ardhini ni hasara.

Kisha mabua huvundikwa. Hapa watu wa pwani mtanielewa upesi kuliko mwanafunzi wa chuo chochote cha Ulaya. Mama zetu wa Unguja na Pemba hufukia makumbi ya nazi ufukoni, maji yakawa yanajaa na kupwa juu yake kwa miezi, mpaka nyama ya kumbi ioze na usumba utoke ukipondwa. Kazi ya kitani ni hiyo hiyo. Mabua hulazwa shambani yapigwe na umande kwa wiki kadhaa, au huzamishwa majini, vijidudu vikaila ile gundi. Huko Ubelgiji, wakulima wa eneo la Kortrijk waliyazamisha katika mto Leie kwa vizazi vingi, na harufu ya mto wakati huo haikuwa na mfano. Siku chache zikizidi, unyuzi nao unaoza. Zikipungua, unang'ang'ania ubua. Hakuna kipimo kilichowahi kushinda jicho na kidole cha mzoefu: huchukua bua moja, hulivunja mahali pawili, hulivuta, na husikiliza unyuzi ukiachana na mti.

Baada ya hapo mabua hukaushwa, huvunjwavunjwa, hupigwa kwa ubao ili vipande vya ubua vidondoke, kisha huchanwa kwenye meno ya chuma. Nyuzi fupi huanguka na kwenda kwenye kamba na magunia. Kinachobaki mkononi ni kishungi chenye mng'ao, urefu wake sentimita 60 mpaka 90. Unyuzi wa pamba ya kawaida ni kama sentimita 3. Shikeni tarakimu hizo mbili, kwa sababu mhadhara wote umekaa juu yake.

Sasa turudi kwenye joto letu. Unyuzi mrefu hutoa uzi usio na vinyweleo vingi, na uzi wa namna hiyo haugandi mwilini; huacha hewa ipite kati ya nguo na ngozi. Kitani hunyonya unyevu hata sehemu ya tano ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kulowa, kisha huutoa upesi. Hupitisha joto la mwili kwenda nje. Kikilowa huzidi nguvu, ndiyo maana kimevumilia karne nyingi za wafuaji kukipiga mawe. Lakini uvute unyuzi huo: utakatika kabla haujarefuka zaidi ya asilimia 2 au 3. Hauna mrudio. Ukikunjwa, umekunjwa. Fundi anayemwahidi bwana harusi suti ya kitani isiyokunjamana anamuuzia polista, na naona baadhi yenu mnacheka kwa kuwa mnamjua.

Hoja ya pili: kabla ya kuwa nguo ya matajiri kilikuwa nguo ya watu

Mwaka 2009 watafiti walitangaza katika jarida la Science kwamba katika pango la Dzudzuana, nchini Georgia, wamekuta nyuzi za kitani pori za miaka kama 30,000 iliyopita. Nyingine zilikuwa zimesokotwa, nyingine zilionyesha dalili ya kutiwa rangi. Hapo hakukuwa na mkulima popote duniani. Binadamu alianza kusokota kitani kabla hajajua kupanda nafaka.

Lakini mimi nataka kuwapeleka Misri, nikawaonyeshe vazi moja. Tarkhan ni makaburi ya kale kusini mwa Cairo. Mwanaakiolojia Flinders Petrie alichimba hapo mwaka 1912 na 1913, na kati ya vitu alivyovipeleka London lilikuwamo furushi la matambara machafu. Furushi likakaa. Mwaka 1977 wahifadhi wa makumbusho ya Victoria and Albert walipolisafisha, katikati ya matambara likatoka vazi zima la juu: shingo yenye umbo la herufi V, mabega na mikono iliyotiwa marinda membamba, na kushonwa kwa mkono uliojua kazi. Sehemu ya chini imepotea, kwa hiyo hatuwezi kusema lilifika magotini au vifundoni. Kipimo cha kaboni kilichotangazwa mwaka 2016 kiliweka umri wake kati ya mwaka 3482 na 3102 kabla ya Kristo. Hakuna vazi la kufumwa lililo kongwe kuliko hilo ambalo limebaki duniani. Liko katika makumbusho ya Petrie, Chuo Kikuu cha London, na ni dogo, la kumkaa msichana au mwanamke mwembamba.

Mafundi, hili ni lenu. Vazi hilo lilikutwa limegeuzwa nje ndani, kama nguo iliyovuliwa kwa kupitishwa kichwani. Na kwenye viwiko na makwapa yamo makunyanzi. Si yale marinda ya fundi. Ni makunyanzi ya mwili, yanayoingia pale mtu anapokunja mkono kuinua mtungi au kujifuta uso. Sufu ingejinyoosha, hariri ingeteleza. Kitani, kwa ule ubishi wake wa kutojirudi, kimehifadhi mkunjo wa kiwiko cha mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ndiyo maana tunajua kwamba haikuwa nguo ya kumzikia maiti tu. Ilivaliwa.

Misri yote ilivaa kitani, mkulima kwa fungu lake na mfalme kwa lake. Tofauti yao ilikuwa wembamba wa uzi. Herodotus, Mgiriki aliyeandika karne ya tano kabla ya Kristo, alishangaa kuona makuhani hawavai kitu kingine ila kitani kilichofuliwa na viatu vya mafunjo, na kwamba sufu haikuingizwa hekaluni. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 lilikuwa na zaidi ya nguo 100 za ndani za kitani, kana kwamba mfalme huyo kijana alikwenda safari asiyojua ina siku ngapi. Na nguo zilipochakaa zilichanwa tepe na kufungiwa maiti. Tepe za maiti mmoja aliyenunuliwa Alexandria mwaka 1848 zilikuja kugunduliwa kuwa ni kurasa za kitabu kilichoandikwa juu ya kitani kwa lugha ya Waetruska wa Italia, na hayo ndiyo maandishi yao marefu kuliko yote yaliyosalia. Yako Zagreb. Nani alikipeleka kitabu Misri, na aliyekichana alijua anachana nini? Wanafunzi, kazi hiyo nawaachia.

Uislamu ulipoingia Misri, viwanda vya kitani havikufa, vilishamiri. Mji wa Tinnis, kisiwa katika ziwa Manzala, na jirani yake Dimyati vilifuma vitambaa vyembamba vyenye ukingo wa maandishi, mara nyingi jina la khalifa. Katika karne ya 11 kitani ndicho kilichokuwa zao kubwa la biashara la Misri, kikipelekwa Tunisia na Sicily. Barua za wafanyabiashara Wayahudi zilizohifadhiwa katika sinagogi la Cairo ya kale zinataja zaidi ya aina 20 za kitani, kila moja na bei yake na malalamiko yake.

Na pwani yetu je? Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu. Ijumaa ilipofika, kadhi, wanafunzi na waziri mmoja walimletea mavazi ya kwendea msikitini: nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni, vazi la juu la kitani cha Misri lenye tarizi ukingoni, joho la kitambaa cha Kudsi, yaani Jerusalem, na kilemba cha Misri. Tazameni ramani iliyo mwilini mwa mtu mmoja! Lakini msisahau sentensi yake nyingine, ambayo hatuitaji mara nyingi: kwamba Mogadishu ilifuma nguo zake zisizo na kifani, zikapelekwa mpaka Misri na kwingineko. Kwa hiyo kitani kilikuja kusini, na nguo za kwetu zikaenda kaskazini. Kilwa nako wachimbaji wamekuta vigae vingi vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Pwani haikungoja kuvishwa. Kitani kilifika hapa kikiwa nguo ya heshima, ya kumvisha mgeni, wala hakikuwahi kuwa nguo yetu ya kila siku. Nguo ya kila siku ilikuwa pamba, na sababu ni ile ile ya shambani: mmea wa kitani hauna raha kwenye joto letu.

Hoja ya tatu: mashine iliipenda pamba

Nitapita Ulaya haraka. Kwa karne kadhaa shati la kitani ndilo lililokuwa bafu la Wazungu wenye nafasi. Tabibu aliogopa maji ya moto yasifungue vinyweleo vya ngozi yakaingiza maradhi, basi mtu alibadilisha shati, na shati likabeba jasho na uchafu. Kulifanya liwe jeupe kulitaka kulianika majanini miezi kadhaa, likirushiwa maji na kuloweshwa kwenye maziwa yaliyochacha, mpaka Mfaransa Claude Berthollet alipoonyesha mwaka 1785 kwamba klorini ingeweza kufanya kazi hiyo. Matambara ya mashati hayo hayakutupwa. Yalipondwa yakawa karatasi, na bila karatasi ya matambara sijui wapiga chapa wa kwanza wangechapa juu ya nini kwa bei ambayo watu wangeimudu. Mchoraji naye alichora juu ya kitambaa cha kitani kwa rangi iliyochanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Mmea mmoja ulivisha, uliandikiwa na ulichorewa. Basi, tuendelee.

Karne ya 18 ikaleta mashine za kusokota, na mashine zikachagua. Unyuzi wa pamba ni mfupi, laini, una kijisokoto chake. Ukivutwa unakubali, ukiachwa unarudi. Ule wa kitani ni mrefu, mgumu, umeshikwa na mabaki ya gundi, na mashine ikiuvuta kwa kasi unakatika. Mwaka 1793 Eli Whitney akatengeneza mashine ya kutenga pamba na mbegu zake, na mashamba ya watumwa ya kusini mwa Marekani yakatapakaa. Kuanzia hapo kitani hakikuwa na mbio tena. Wenzetu wa Unguja walishuhudia mwisho wa mashindano hayo bila kujua mwanzo wake: marekani, ile bafta nzito ya Massachusetts, ilipojaa madukani baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na Wamarekani, ilikuwa pamba. Ingekuwa kitani, bei yake isingevuka hata soko la Bagamoyo.

Napoleon aliliona tatizo hilo. Mwaka 1810, akiwa amepiga marufuku bidhaa za Waingereza na akitaka kuiangusha pamba yao, alitangaza zawadi ya faranga 1,000,000 kwa atakayetengeneza mashine ya kusokota kitani. Mfaransa Philippe de Girard aliitengeneza mwaka huo huo. Zawadi hakuipata, dola ya Napoleon ilianguka kabla ya mfuko kufunguliwa. Girard akahamia nje, akafanya kazi Poland, na mji uliokua pembeni ya kiwanda cha kitani huko ukapewa jina lake, Żyrardów. Katika historia ya nguo sijui fundi mwingine aliyenyimwa fedha akalipwa mji.

Siri aliyoigundua Girard, na ambayo Mwingereza James Kay aliikamilisha mwaka 1825, ilikuwa maji. Pitisha unyuzi kwenye maji ya moto kabla ya kuusokota, gundi inalainika, uzi mwembamba unatoka. Belfast ikajengwa juu ya siri hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, vilipokausha pamba, Belfast ilineemeka, na mwisho wa karne hiyo haukuwapo mji mwingine duniani uliotoa kitani kama huo.

Lakini maji ya moto yanaanguka wapi? Yanaanguka sakafuni. Wanawake na watoto walisimama pekupeku kwenye maji hayo mchana kutwa, katika mvuke, kisha wakatoka jioni kwenye baridi ya Ireland. Watoto wengine walikaa nusu ya siku kiwandani na nusu darasani. Na kwenye vyumba vya kuchania, ambako unyuzi ulikuwa mkavu, vumbi la ule ubua tulioupiga katika hoja ya kwanza liliingia mapafuni likakaa. Mwanamke aliyeanza kazi msichana alikuwa anakohoa kabla hajazaa mara ya pili.

Mwaka 1911 wasichana wa viwanda hivyo waligoma. Wenye viwanda walikuwa wameweka sheria mpya: faini kwa anayeimba, anayecheka, anayezungumza au anayejitengeneza nywele akiwa kazini. Mgomo ulipokosa fedha, kiongozi wao James Connolly aliwapa shauri ambalo kila mtu wa vyama vya wafanyakazi anastahili kulijua. Rudini kazini, aliwaambia, lakini rudini pamoja. Mmoja akikemewa kwa kucheka, chekeni nyote. Mmoja akifukuzwa kwa kuimba, vaeni mitandio mtoke nyote. Wakarudi wakiimba, na sheria ile ikawa vigumu kuitekeleza. Akina mama mliopo, mkiona shuka nyeupe ya zamani imeandikwa Belfast ukingoni, jueni ilisokotwa na watu gani.

Hoja ya nne: kitani kilivyofika nyanda za juu za Kenya

Hii ndiyo sehemu ninayoulizwa maswali mengi zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Vita Kuu ya Kwanza viliifanya bidhaa hii kuwa silaha. Mabawa ya ndege za wakati ule yalikuwa fremu ya mbao iliyofunikwa kitani, kikapakwa dawa ya kukikaza mpaka kilie kikigongwa. Ule ugumu usiovutika ambao mashine iliuchukia, rubani aliuhitaji: kitambaa kinachorefuka hewani kinamwua mtu. Sasa sehemu kubwa ya kitani cha Ulaya ilikuwa ikitoka Urusi. Mwaka 1917 mapinduzi yakafunga mlango huo. Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa vilikuwa uwanja wa vita. Bei ikapaa.

Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi wake waliotoka vitani mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Kuna baridi, kuna mvua, na kitani kiliota vizuri. Wengi wa walowezi hao wapya, hawajawahi kushika jembe, walisikia kwamba tani moja ya kitani inauzwa karibu pauni 500, wakakopa, wakapanda. Kericho ilianzishwa kampuni ya maafisa waliopata ulemavu vitani, wakapewa eka zipatazo 25,000 za ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis, na zao walilolitegemea lilikuwa kitani.

Mnakumbuka hoja ya kwanza: kung'oa kwa mkono, kuvundika, kuvunja, kupiga. Mikono hiyo ingetoka wapi? Oktoba mwaka huo huo wa 1919 gavana Edward Northey alitoa waraka wa kuwataka machifu na maafisa wahimize watu waende kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na wakati huo huo kipande cha kitambulisho kikaanza kuning'inia shingoni mwa mwanamume Mwafrika. Sitasema waraka ule uliandikwa kwa ajili ya kitani peke yake. Kulikuwa na kahawa, mkonge, mahindi, reli. Ila zao lililohitaji mikono mingi kuliko mashine lilipandwa na watu waliokuwa na hakika kwamba mikono hiyo italetwa.

Kisha bei ikaanguka. Katika muda wa miezi michache ile pauni 500 ikaporomoka hata ikawa chini ya 100. Wakati huo huo serikali ilibadilisha thamani ya rupia, fedha ya koloni wakati huo, na madeni ya walowezi yakafura usiku mmoja. Mashamba ya kitani yakaachwa, mitambo ya kupigia mabua ikaota kutu. Kampuni ya Kericho ikafilisika. Na ardhi? Hapa ndipo nawaomba mnisikilize. Ardhi haikurudi kwa Wakipsigis. Katikati ya miaka ya 1920 iliingia mikononi mwa makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Mabishano juu ya ardhi hiyo mnayasoma magazetini mpaka leo. Chai ya Kericho tunayokunywa kila asubuhi imepandwa mahali ambapo kitani kilitangulia kama mpimaji.

Nimesikia watu wakisema kitani hakina historia Kenya. Kinayo ya miaka michache tu, na alama yake imebaki kwenye ramani.

Hoja ya tano: kwa nini basi bado kinapendwa?

Hii ni fupi. Leo kitani hakifiki asilimia 1 ya nyuzi zote zinazotengenezewa nguo duniani. Sehemu kubwa ya unyuzi mrefu inalimwa katika ukanda wa pwani kutoka Normandy mpaka Uholanzi, mahali ambapo umande wa bahari unavundika mabua bure, kisha sehemu kubwa inapelekwa China kusokotwa. Ni nguo chache, kwa hiyo ni ghali, na ghali peke yake humpendeza mtu fulani. Hilo halinisumbui.

Lililonivutia mimi ni makunyanzi. Kwa karne nyingi kitani kilichokunjamana kilikuwa aibu. Kilimtangaza mtu asiye na mpigaji pasi. Katika miaka ya 1980 Giorgio Armani na wenzake wa Italia walitoa koti za kitani zisizo na bitana ngumu, zikalegea mwilini, zikakunjamana mchana kweupe, na watu wakalipa zaidi. Wamesema wengine kwamba huo ni ujanja wa biashara. Mimi naona kuna la zaidi. Polista ilikuwa imeshamfundisha kila mtu kuwa nguo iliyonyooka siku nzima ni nguo ya bei rahisi. Aliyetaka kuonekana amevaa kitu kilichotoka ardhini alihitaji ushahidi, na ushahidi ulikuwa kwenye kiwiko.

Kwa mwenye duka la Mombasa nina maneno ya vitendo zaidi. Kitambaa kingi kinachoitwa kitani hapa mjini ni polista iliyofumwa iwe na vifundovifundo. Ukitaka kujua, dondosha tone la maji: kwenye kitani halikai, linatawanyika. Toa uzi mmoja uuchome: wa kitani utanuka karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, wa polista utayeyuka na kuacha shanga ngumu. Fundi, kiloweshe na ukikaushe kabla ya kukikata, kwa sababu kitasinyaa mara ya kwanza kufuliwa na mteja atakulaumu wewe. Kipige pasi kikiwa na unyevu. Kanzu ya kitani ikifuliwa mara nyingi inalainika na inazidi kupendeza. Msimwuzie mtu ya siku moja.

Mbele yetu

Niseme kidogo juu ya yajayo, kisha nikae.

Mavuno ya Ulaya ya miaka ya 2022 na 2023 yalipigwa na ukame na joto, na bei ya unyuzi ikapanda vibaya. Zao linalotegemea umande halina ulinzi mkubwa dunia inapopata joto. Wakati huo huo kaskazini mwa Ufaransa viwanda vya kusokota vimeanza kurudi baada ya kutoweka kabisa, na unyuzi wa kitani unatumiwa pia kuimarisha vipande vya magari na mashua mahali palipokuwa na nyuzi za kioo. Soko lipo, na linatafuta ardhi yenye baridi na mvua.

Kwa hiyo litakuja swali, na pengine limeshakuja kwenye meza ya mtu Nairobi au Arusha: kwa nini tusilime? Ethiopia imelima mmea huu tangu kale kwa ajili ya mbegu, na nyanda zetu za juu zilithibitisha miaka 100 iliyopita kwamba unyuzi unaota. Sipingi. Ninachotaka ni kwamba mtu huyo atakapokuja na hesabu zake, aulizwe mapema nani atayang'oa mabua na kwa ujira gani, maji ya kuvundikia yatatoka mto upi na nani anakunywa chini yake, vumbi la kiwandani litanyonywa na mtambo au na mapafu, na bei ikianguka kama ilivyoanguka zamani ardhi itabaki kwa nani. Uhandisi wa maswali matatu ya kwanza upo tayari. La nne ni la wanasheria, na naona wawili wamekaa karibu na mlango.

Kwa makumbusho yetu nina ombi dogo. Yana vyungu, sarafu na milango ya kuchonga. Vitambaa vya mabibi zetu viko kwenye masanduku ya chuma vyumbani, vinaliwa na unyevu. Vyuo vyetu vingeweza kufundisha vijana wawili watatu kutambua unyuzi kwa hadubini, kuvihifadhi, kuandika vimetoka wapi. Huenda humo kukatoka kipande cha kitani cha Misri, huenda kisitoke. Lakini tutajua tulivaa nini.

Mwenyekiti, naona umeshika saa. Feni zinaweza kuwashwa. Nimeleta vipande vitatu vya kitambaa visivyoandikwa jina na bilauri ya maji, viko mezani hapa. Mafundi waje kwanza, kisha tuanze maswali.